Gari Lililokunywa Maji

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Fizikia aliuliza darasani kwa nini maji hayabanwi kama hewa ibanwavyo. Wenzangu walijibu kwa habari za chembechembe na nafasi zilizomo baina yake, na majibu yao yalikuwa sawa. Mimi nikasema ya kuwa jambo hilo nalijua vizuri, kwani niliwahi kupinda chuma kwa maji ya kadiri ya kikombe kidogo cha kahawa. Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alinitaka nieleze, na nilipokwisha kueleza akaniambia, "Hayo yaandike kwa ajili ya gazeti la shule, maana wazazi wengi wana magari, na masika hayakosi kurudi." Basi ndiyo haya.

Gari lenyewe ni la babu yangu, mzaa mama. Ni Peugeot 404 rangi ya maziwa, ambayo Babu huiita "Pijo" tu. Aina hiyo ilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1960. Vijana wengi wa leo hawaijui, lakini zamani ilikuwa na sifa kubwa katika nchi zetu, maana katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki ilichukua ushindi mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1966 na 1967 dereva wake alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, na kwa sababu hiyo Babu humtaja kama mtu amtajavyo jirani yake. Mwaka 1968 mvua ilikuwa kali hata magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho wa safari, na la kwanza lilikuwa 404. Habari hii Babu huisimulia kila mvua inyeshapo.

Babu alilinunua gari hilo mwaka 1974 kwa mtu aliyekuwa akihama. Ndani yake Bibi alipelekwa hospitali kumzaa mama yangu, na ndani yake hilo hilo Bibi alirudishwa nyumbani mara ya mwisho, mwaka 2019. Nayasema hayo ili msidhani kwamba tulihangaika kwa ajili ya bati na vyuma tu.

Nyumba ya Babu iko Dar es Salaam, upande wa bonde la mto Msimbazi. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 nilikuwa kidato cha pili, nami nilikuwa nyumbani kwa ruhusa, maana nilikuwa ndiyo kwanza nimepona malaria. Wasomaji watakumbuka mvua za mwaka ule. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu, Bwana Kassim Majaliwa, alilieleza Bunge ya kuwa watu 155 wamekufa nchini kwa mafuriko na maporomoko. Sisi hatukupoteza mtu, twamshukuru Mungu. Maji yaliingia uani usiku, nasi tukampandisha Babu kwa jirani mwenye ghorofa. Asubuhi tulipochungulia dirishani tuliona paa la Pijo na vioo vyake, na chini yake maji ya rangi ya kahawa yenye kuchukua ndoo, mapapai na viatu vya watu.

Maji yalikaa siku moja na nusu. Yalipopungua yaliacha mstari wa matope juu kidogo ya taa za mbele. Mstari huo ni jambo la kwanza la kutazama, na kama mna simu upigeni picha kabla ya kuufuta, kwa sababu ndio uonyeshao ni viungo gani vilivyozama na vipi vilivyopona. Maji yakiishia kwenye sakafu, kazi yenu ni kapeti, breki na beringi. Yakipita kitovu cha gurudumu, hesabuni gia boksi na difu. Yakifika kwenye taa, kama yalivyofika kwetu, basi injini imekunywa.

Hapa ndipo nilipokosa. Siku ile Babu alikuwa kwa Mama Mdogo, kifua kikimsumbua. Mjomba alikuja na wanunuzi wa vyuma chakavu wawili, wakalizunguka gari, wakaligonga gonga, wakataja bei ya kilo. Mjomba akasema, "Gari limekufa hilo. Mzee nitamweleza mimi." Wakaagana kurudi kesho yake. Moyo wangu uliwaka. Nikafikiri, kama nikiliwasha gari hili leo, Mjomba hatakuwa na la kusema.

Betri ilikuwa kavu, maana Babu ana desturi ya kuifungua na kuiweka juu ya kabati akiwa hana safari. Nikaifunga, nikazungusha ufunguo. Stata ikalia "ka!" mara moja, ikanyamaza. Nikajaribu tena, ikalia vile vile. Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi niliwaita vijana wanne wa mtaani, tukalisukuma gari mpaka kwenye mteremko, nikaingia, nikatia gia ya pili, na liliposhika mwendo nikaachia klachi. Magurudumu ya nyuma yalikwama kama yaliyofungwa kamba, na mbele nikasikia mlio mmoja mzito, si mkubwa, kama mtu agongaye nondo kwa nyundo. Gari likasimama. Vijana wakasema labda petroli imekwisha.

Sasa niwaelezeni kilichotokea. Injini ya 404 ina silinda nne, na ujazo wake wote ni sentimita za ujazo 1618, yaani kila silinda ina 404 na nusu, hesabu iliyonichekesha nilipoifanya. Katika injini za mwanzo za aina hii pistoni ilikuwa ikiibana hewa kwa uwiano wa 7.2 kwa 1. Piga hesabu utaona ya kuwa pistoni ifikapo juu kabisa, nafasi iliyobaki juu yake ni kama sentimita za ujazo 65 tu. Kikombe kile kidogo cha muuza kahawa wa baraza kina kiasi kama hicho. Hewa itabanwa katika nafasi hiyo bila ya taabu. Maji hayakubali. Yakizidi kiasi hicho, na valvu zimefunga, pistoni hukuta kama ukuta, na kilicho dhaifu kuliko ukuta ni konrodi, ule mkono wa chuma ushikao pistoni kutoka chini. Stata haina nguvu nyingi, kwa hiyo ilipokuta ukuta ilisimama, wala haikuharibu kitu. Lakini gari lenye uzito wa zaidi ya kilo 1000 likiteremka mlima halisimamishwi na kikombe cha kahawa. Chuma kilipinda.

Na maji yaliingiaje ndani ya silinda ilhali injini ilikuwa imezimwa? Injini ikiwa imesimama, daima ipo silinda moja au mbili ambazo valvu zake ziko wazi. Bomba la moshi likizama, maji hupanda polepole mpaka yakafika kwenye valvu iliyo wazi, yakaingia. Kwa hiyo asidanganyike mtu akasema, "Gari langu lilikuwa limeegeshwa tu, halikuwashwa majini." Lilikunywa likiwa limelala.

Babu alirudi siku ya tatu. Mjomba alikuwa wa kwanza kunena, akaeleza habari za wanunuzi. Babu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema gari lake haliuzwi kwa kilo kama viazi. Halafu akaniita nimletee kiti uani. Wakati huo sikuwa nimemwambia kitu, na tumbo lilikuwa likinikata. Nikamwambia. Aliniuliza, "Stata ilikataa?" Nikasema, "Ilikataa, Babu." "Nawe ukasukuma?" "Nikasukuma." Akakaa kimya kitambo, akisafisha miwani yake kwa shati. Kisha akasema, "Basi kazi yote mtafanya wewe na Fundi, mimi nitakaa hapa."

Fundi alikuwa mzee mwenziwe, makanika aliyekwisha kuacha kazi, ambaye alilijua gari lile tangu ujana wao. Kwanza alifungua betri. Kisha akanikataza kugusa injini, akaniamuru nioshe matope. Nilishangaa, lakini alikuwa na sababu. Matope ya mafuriko yakiwa mabichi huondoka kwa maji matupu. Yakikauka hushika kama saruji, na yale yaliyojificha ndani ya mashimo ya bodi, chini ya milango na katika mihimili ya sakafu, huendelea kushika unyevu miezi mingi, na kutu hula bati kutoka ndani bila ya mtu kuona. Chini ya kila mlango kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Tulivizibua kwa waya. Bomba la mtaa lilikuwa limekatika, kwa hiyo tulinunua maji ya madumu kwa mwenye mkokoteni, dumu 14 siku ya kwanza. Watu walipita wakitutazama jinsi tunavyonunua maji ili kuliosha gari lililotoka majini.

Mafuriko yetu yalikuwa ya mto. Maji ya bahari ni mabaya zaidi, kwa kuwa chumvi hubaki hata baada ya maji kukauka, nayo huvuta unyevu wa hewani na kuendeleza kutu. Gari lililozama katika maji ya bahari lioshwe kwa maji baridi siku ile ile, tena na tena. Lakini maji ya mto wa mjini nayo yana ubaya wake, maana hubeba vyoo vya watu. Fundi alinivalisha mabuti na glavu, na tulinawa kwa sabuni kabla ya kushika chakula. Mwenye jeraha mguuni asiingie kabisa katika kazi hii.

Siti, kapeti na mbao za milangoni tulizitoa zote siku hiyo hiyo. Chini ya siti ya nyuma tulimkuta kambare mdogo, mzima, amejikunja katika dimbwi. Babu alicheka mpaka akakohoa. Lilikuwa cheko lake la kwanza tangu maji yaingie. Juu ya siti sina mengi ya kusema: zianikwe haraka mahali penye upepo, na sponji iliyokwisha kushika ukungu na harufu itupwe.

Tuje kwenye injini. Fundi alilegeza nati ya kumwagia oili polepole sana, nusu mzunguko kila mara, akiwa ameweka chupa ya kioo chini yake. Kilichotoka kwanza kilikuwa maji. Ni mazito kuliko oili, kwa hiyo hukaa chini ya sampu, na oili huelea juu yake. Yalikuwa zaidi ya lita moja. Baadaye ikaja oili, nyeusi na safi, kisha kidogo kilichokuwa kama chai ya maziwa. Fundi alinionyesha hiyo ya chai. Alisema ni mahali ambapo oili na maji vimekorogana kwa sababu ya kuzungushwa, na kama injini ingewaka kweli, oili yote ingekuwa hivyo, ingepita kwenye beringi pamoja na matope, nazo zingesagika kwa dakika chache. Nikaona ya kuwa kukwama kwa gari siku ile kulikuwa bahati pia. Kama hamna hakika, vuteni kile kijiti cha kupimia oili: ikiwa oili ina rangi ya chai ya maziwa, au imepanda juu ya alama yake ya kawaida, maji yamo.

Kisha plagi. Katika 404 plagi hazionekani kwa nje. Ziko chini ya visima virefu vipitavyo katika kifuniko cha valvu. Visima vile vilikuwa vimejaa matope na maji. Asiyejua angefungua plagi mara moja, na uchafu wote ungedondoka ndani ya silinda. Sisi tulinyonya maji kwa bomba la sindano, tukakausha kwa kitambaa kilichofungwa kijitini, ndipo tukafungua. Gari la zamani lina faida moja kubwa: mbele yake pana tundu la kupitisha hendeli, ukazungusha injini kwa mkono. Plagi zikiwa nje hakuna kibanwacho, maji hupata njia ya kutoka. Fundi alizungusha taratibu, na kutoka silinda ya tatu maji yakaruka mpaka kwenye ukuta wa jirani.

Halafu alifanya jambo ambalo sikulijua. Alichukua spoki ya baiskeli, akaitumbukiza katika kila tundu la plagi pistoni ikiwa juu kabisa, akatia alama kwa ukucha na kupima kwa rula yangu ya shule. Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zililingana. Ya tatu pistoni yake iliishia chini kwa milimita 4. Konrodi imepinda, ikawa fupi. Hakusema neno, alimnyoshea Babu ile spoki tu, na Babu akanitazama mimi.

Injini ilikuwa ifunguliwe, lakini konrodi haikupatikana siku hizo, na ruhusa yangu ilikuwa ikiisha. Kwa hiyo Fundi alitia vijiko viwili vya oili safi katika kila silinda, akazungusha kwa hendeli ili oili isambae, akafunga. Hapo injini inaweza kungoja. Mwenye injini iliyokunywa maji asidhani ya kuwa kazi ni ya mwezi ujao. Kuta za silinda zikiachwa na unyevu huanza kutu kwa siku chache, na pete za pistoni hushikamana nazo.

Tulimwaga pia petroli. Hili lifanyike mbali na jiko na sigara. Tuliiweka katika chupa, ikajitenga yenyewe: petroli juu, maji chini, na mstari baina yake kama uliopigwa kwa rula. Anayesomea Kemia anaweza kujifunza hapo bila ya maabara. Gia boksi ikamwagwa. Difu ilikuwa na maneno yake. Katika magari mengi difu ni ya meno, lakini katika 404 ni skrubu nene ya chuma izungushayo gurudumu la shaba nyeusi, na kiwanda kiliagiza itiwe mafuta yenye asili ya mbarika, mti ambao wengine huuita mnyonyo. Mafuta hayo hayapatani na oili ya kawaida. Mjomba, ambaye sasa alikuwa ameanza kusaidia, alikuja na kopo la oili ya difu ya dukani. Babu aliinuka kitini kumzuia.

Breki zake tulizifungua, beringi za magurudumu tukaziosha na kuzitia grisi mpya, na maji ya breki tukayatoa yote, kwa sababu dawa ile hunyonya unyevu, na dereva hugundua jambo hilo akiwa mteremkoni. Dainamo na stata zilifunguliwa, zikapigwa brashi, zikaanikwa juani siku mbili. Nyaya za 404 ni chache, nilizifuata zote kwa kidole asubuhi moja. Kwa magari ya siku hizi sivyo. Yana kompyuta, na mengine huficha visanduku vya umeme chini ya siti au sakafuni, mahali maji yafikapo kwanza. Huenda gari likawaka leo, likaanza ukaidi baada ya miezi mitatu. Mzazi anunuaye gari lililotumika na ainue kapeti, atazame kutu ya misumari ya siti na matope katika pembe za taa kabla ya kutoa fedha yake.

Nilirudi shuleni. Mwezi wa Juni nilipofika nyumbani kwa likizo, konrodi ilikuwa imepatikana katika 404 mbovu huko Morogoro. Mjomba ndiye aliyeifuata kwa basi, wala sikusikia tena habari za kilo. Mimi nilipewa kuosha kila kipande cha injini kwa mafuta ya taa, siku tano, mpaka ngozi ya vidole ikabambuka. Fundi alikifunga alichokifungua. Tukatia oili ya bei rahisi, tukawasha dakika tano, tukaimwaga ikiwa ya moto. Ilitoka na rangi ya chai, hafifu. Tukatia nyingine, dakika kumi, ikatoka safi zaidi. Ya tatu ndiyo ile nzuri.

Babu alikataa kutumia ufunguo. Alinipa hendeli, akanionyesha namna ya kuishika bila ya kukizungushia kidole gumba, maana injini ikirudi nyuma huvunja mkono. Nilivuta mara mbili, haikuwaka. Mara ya tatu ikakohoa, ikatoa moshi mweupe mwingi hata jirani akafunga dirisha lake, kisha ikatulia, ikawa inanguruma sawa sawa. Babu aliweka kofia yake, akaingia. Siti ya abiria ilikuwa bado kwa fundi wa kushona, kwa hiyo nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, tukaenda mpaka mwisho wa mtaa na kurudi.